Neno Linalokinga: Tafakari ya Paritta Chini ya Mlima Meru

Katika tawi la dini ya Kibudha liitwalo Theravada, ambalo ndilo lenye wafuasi wengi nchini Sri Lanka, Myanmar, Thailand, Laos na Kambodia, yapo maandiko mafupi yanayofahamika kwa jina la paritta, yaani kinga. Yamehifadhiwa kwa Kipali, lugha ya kale ya Bara Hindi ambamo mafundisho ya Buddha yalikaririwa kwa vizazi kadhaa kabla ya kuandikwa, na hughaniwa kwa sauti mbele ya mgonjwa, ndani ya nyumba mpya, kabla ya safari ndefu, mama anapokaribia kujifungua, na hata nyakati ambazo nchi nzima imepatwa na maradhi au ukame. Hayafichwi wala hayamilikiwi na waganga wachache. Mtoto wa Kibudha huyasikia tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, na mengi kati yake ni hotuba za kawaida za maadili ambazo wakati huohuo huaminiwa kuwa ngao.

Sauti hizo si ngeni kabisa Afrika Mashariki. Jijini Dar es Salaam, eneo la Upanga, lipo hekalu lenye asili yake mwanzoni mwa karne ya 20, lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Ceylon, nchi ambayo leo huitwa Sri Lanka, na karibu na Entebbe, nchini Uganda, kipo kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyepata utawa wa Theravada ughaibuni kisha akarudi kwao. Arusha, kwa upande wake, hujulikana zaidi kwa makanisa, misikiti na mahekalu ya Wahindu na Masingasinga. Hata hivyo mkazi wa Arusha hahitaji kufundishwa kwamba neno linaweza kutamkwa ili limkinge mtu, kwa kuwa katika mtaa mmoja wa mji huo anaweza kusikia Yasini ikisomwa kwa ajili ya mgonjwa, Zaburi ya 91 ikisomwa kabla ya safari ya usiku, na wazee wa Kiarusha wakiwabariki vijana kwa Kimaa huku umati ukiitikia. Kwa msomaji wa namna hiyo, swali la iwapo watu huamini kinga ya neno limekwisha kujibiwa. Linalobaki, na ambalo paritta hulikabili kwa namna ya pekee, ni kuhusu gharama ya kinga hiyo kwa mwenye kuitamka.

Ibada yenyewe ina vitu vichache vinavyoonekana. Nchini Sri Lanka, ambako paritta huitwa pirit, watawa huketi ndani ya kibanda kilichopambwa kwa karatasi nyeupe zilizokatwa kwa ustadi, chungu cha maji huwekwa mbele yao, na uzi mweupe hutoka kwenye chungu hicho ukapita mikononi mwa watawa, kisha mikononi mwa wasikilizaji wote, hadi mkusanyiko mzima uwe umeshika kitu kimoja. Ghani huweza kuchukua saa moja au kukesha usiku kucha, watawa wakipokezana ili sauti isikatike. Mwishoni maji hunyunyizwa au hunywewa, na uzi hukatwa vipande vinavyofungwa kwenye vifundo vya mikono. Mtu wa Pwani hatashindwa kuona hapa kitu anachokifahamu, maana naye ana kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani zikaoshwa kwa maji ya kunywa, na ana hirizi ya kuvaa mwilini.

Tofauti, hata hivyo, iko ndani zaidi. Dua ya Mwislamu na sala ya Mkristo huelekezwa kwa Mungu mwenye uwezo wa kutoa au kuzuia, na mwombaji husimama mbele yake kama mhitaji. Paritta nyingi hazimwombi Buddha afanye lolote, kwa sababu katika mafundisho ya Theravada yeye amekwisha kufariki na kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa upya, na hayuko mahali anaposubiri maombi. Zinachofanya ni kutoa kauli: kutaja sifa fulani, kukiri ukweli fulani, kutangaza nia njema kwa viumbe, na kisha kutamka kwamba kwa ukweli huo wasikilizaji wapate usalama. Tendo hilo huitwa kwa Kipali saccakiriya, yaani tendo la ukweli, na msingi wake ni imani kwamba jambo la kweli, likisemwa na mtu anayestahili kulisema, lina nguvu yake lenyewe. Hapo ndipo ugumu unapoanzia, kwa kuwa kauli ya kweli haiwezi kuazimwa. Atakayetangaza nia njema bila kuwa nayo atakuwa amesema uongo, na uongo, kwa mantiki ya paritta yenyewe, haukingi chochote.

Khandha Paritta, kinga dhidi ya nyoka, huonyesha jambo hilo kwa uwazi mkubwa. Maandiko husimulia kwamba mtawa mmoja mjini Savatthi aliumwa na nyoka akafa, na habari zilipomfikia Buddha alisema kwamba mtawa huyo hakuwa ameeneza upendo wake kwa koo nne za kifalme za nyoka, ambazo alizitaja moja baada ya nyingine kwa majina yake. Kisha akafundisha maneno ambayo mghani hutangaza kwayo urafiki wake kwa viumbe wasio na miguu, wenye miguu miwili, wenye miguu minne na wenye miguu mingi, akiwatakia wote mema na kuwasihi wasimdhuru. Kwa msomaji wa leo maelezo hayo yanaweza kuonekana makatili, kana kwamba marehemu analaumiwa kwa kifo chake. Lakini yafaa kuangalia ni nini ambacho hakikuamriwa siku ile. Watawa hawakuambiwa wachome vichaka, wala nyoka yule hakutafutwa auawe, wala koo zile nne hazikulaaniwa. Waliambiwa wawahesabu nyoka kama jamaa wenye nasaba, wanaostahili kutajwa kwa heshima.

Wafugaji wa tambarare zilizo magharibi mwa Arusha wanalijua tishio hilo kuliko mtawa yeyote wa mjini. Bafe, nyoka mnene anayejificha kwa rangi yake na kutulia tuli badala ya kukimbia, humuuma anayemkanyaga, na mara nyingi anayemkanyaga ni mtoto anayerudisha mbuzi jioni. Koboko na swila nao wana habari zao. Huko Meserani, kando ya barabara iendayo Makuyuni, ipo bustani ya nyoka inayojulikana sana, ambayo pamoja na kuonyesha nyoka kwa wageni ina zahanati iliyowatibu wanakijiji wengi walioumwa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliyaweka madhara ya sumu ya nyoka miongoni mwa maradhi ya ukanda wa joto yaliyosahauliwa, hatua iliyokuja kwa kuchelewa, maana wanaoumwa ni maskini wa mashambani ambao soko la dawa haliwasikii. Je, paritta ina nafasi gani mbele ya jambo kama hilo? Kanuni za utawa za Kibudha zenyewe hutoa jibu, kwa sababu katika mkusanyiko huohuo wa maandiko mtawa aliyeumwa na nyoka ameruhusiwa kupewa dawa iliyochanganywa kwa kinyesi, mkojo, majivu na udongo. Tiba hiyo haifai kuigwa na mtu yeyote leo, lakini kuwepo kwake kunathibitisha kwamba waliohifadhi ghani ya nyoka hawakudhani kuwa ghani inaondoa haja ya kutibu. Mzazi anayeghani, anayesali au anayesoma dua huku mtoto aliyeumwa akicheleweshwa kufika zahanati hana maandiko haya upande wake.

Nafasi ya Khandha Paritta iko mapema zaidi, kabla ya kuumwa. Mtu anayetembea porini akiwakumbuka viumbe wasio na miguu huangalia anapokanyaga; huchukua fimbo akagusa nyasi mbele yake; hainui jiwe kwa pupa; haui nyoka kwa sababu tu amemwona. Kinga inayozungumzwa hapa huanza kama adabu ya kuishi na wengine, na haihitaji mtu asadiki kwamba nyoka wanafahamu Kipali.

Katika Karaniya Metta Sutta, hotuba ya upendo wema ambayo pengine ndiyo paritta inayoghaniwa zaidi kuliko zote, adabu hiyo imepanuliwa hadi kuwa namna nzima ya maisha. Ufafanuzi wa kale unaoambatana na hotuba hiyo husimulia kwamba kundi la watawa lilikwenda msituni kukaa miezi mitatu ya masika, kipindi ambacho watawa wa Kibudha hawasafiri, wakaketi chini ya miti mikubwa. Pepo waliokuwa wakiishi kwenye miti ile waliona si heshima kukaa juu ya vichwa vya watu watakatifu, wakashuka pamoja na watoto wao, wakidhani wageni wangeondoka baada ya siku chache. Walipotambua kwamba wageni wamekuja kukaa, walichoka, wakaanza kuwatisha kwa sura mbaya na harufu mbaya hadi watawa wakaugua na kukimbia. Buddha hakuwapa watawa mahali pengine. Aliwarudisha msitu uleule, akawapa maneno ya kuwatakia mema viumbe wote, wanaoonekana na wasioonekana, waliokwisha kuzaliwa na wanaongoja kuzaliwa, na akayatanguliza kwa orodha ndefu ya tabia wanazotakiwa kuwa nazo: unyofu, upole, kutokuwa na makuu, kuridhika na kidogo.

Kisa hiki kina uzito ambao wafafanuzi wengi huupita haraka. Waliotishwa walikuwa watawa, lakini waliofukuzwa makwao walikuwa pepo. Kabla ya pepo kuwa hatari kwa watawa, watawa wenyewe, bila kukusudia na bila kuinua mkono, walikuwa wamekwisha kuwa mzigo kwa wenyeji wa msitu. Kinga waliyopewa iliwalazimu kwanza kuitambua hali hiyo, maana huwezi kumtakia mema jirani ambaye hujakiri kwamba yupo.

Miteremko ya Meru ina kumbukumbu zake za wageni walioketi chini ya miti ya watu. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri walipojaribu kuanzisha misheni, na jeshi la Wajerumani chini ya Kurt Johannes likalipiza kisasi kwa kuua watu, kuchoma makazi na kuteka mifugo. Hakuna anayepaswa kushangilia kifo cha wahubiri wale, lakini ni vigumu pia kudai kwamba wenyeji hawakuwa na sababu ya kuwaona kuwa sehemu ya mlolongo uleule uliowaleta askari. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwishoni mwa mwaka 1951, serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi yao wapewe wafugaji wa Kizungu, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York kuwasemea. Walowezi walikuwa na kinga ya sheria, ya polisi na ya ramani. Walichokosa ni kile ambacho Metta Sutta ingewataka wawe nacho kabla ya kuketi. Hata leo, pale ambapo mashamba ya migomba na kahawa yanapakana na Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, swali la nani amemkalia nani, kati ya mkulima na nyati, halijapata jibu lililowaridhisha wote.

Wapo watakaovutiwa na jina la mlima. Katika taswira ya ulimwengu ya Kihindu na ya Kibudha, katikati ya dunia husimama mlima uitwao Meru au Sineru, na hakuna sababu ya kujenga historia juu ya sadfa hiyo ya sauti, kwa sababu Meru ya Tanzania, yenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, haina uhusiano unaojulikana na mlima ule wa maandiko. Hata hivyo mlima wa maandiko una nafasi yake katika mada hii, kwani wafalme wanne wanaolinda pande nne za dunia kutoka kwenye miteremko yake ndio wanaosemekana kuleta Atanatiya, paritta ndefu kuliko nyingi. Kwa mujibu wa simulizi hiyo, Vessavana, mfalme wa upande wa kaskazini anayetawala majitu makali, alimwambia Buddha kwa uwazi kwamba wengi wa raia wake hawampendi, kwa sababu anafundisha watu kuacha kuua, kuiba na kulewa na wao hawataki kuacha. Kisha akatoa ghani ya kuwalinda watawa dhidi ya raia haohao. Kinga imetoka, basi, kwa mtawala wa wale wanaoogopwa.

Baraka za wazee wa Kiarusha zinafaa kusomwa kando ya mambo haya, bila kulazimisha kwamba ni kitu kimoja. Waarusha, wanaoishi hasa kwenye miteremko ya kusini na magharibi ya mlima na kuzungumza Kimaa kama ndugu zao Wamaasai, wana desturi ambayo mzee mmoja huongoza kwa kutaja mema moja baada ya jingine, mvua, watoto, mifugo, maisha marefu, na baada ya kila kipengele waliohudhuria huitikia kwa pamoja "Naai", neno linalotokana na jina la Mungu, Engai. Maziwa au pombe ya asali huweza kunyunyizwa, na majani mabichi hushikwa kama ishara ya amani. Yeyote aliyewahi kusimama ndani ya umati huo anajua kwamba nguvu ya tukio haiko kwa mzee peke yake. Bila mwitikio maneno yake yangeanguka chini. Uzi wa pirit hufanya kazi ileile kimyakimya, kwa kumfunga msikilizaji kwenye maneno ili asibaki mtazamaji.

Lakini mwitikio hauhitaji kila mtu aelewe kila neno, na hapa tafakari haina budi kukiri jambo lisilopendeza. Wabudha wengi wanaosikiliza paritta hawajui Kipali cha kutosha kuzifuata, kama ambavyo Waswahili wengi husikiliza Yasini kwa unyenyekevu bila kufahamu Kiarabu chake. Wapo wanaosema kwamba sauti yenyewe inatosha, na kwa mgonjwa aliyelala usiku akiwa na hofu sauti ya watu waliokusanyika kwa ajili yake ni zawadi kubwa isiyofaa kudharauliwa. Hata hivyo, paritta ikibaki sauti tupu hupoteza lile sharti linaloifanya iwe tofauti na talasimu. Metta Sutta humwambia anayeisoma awe mnyofu na mpole. Asiyeijua maana yake hawezi kuambiwa lolote. Ndiyo maana mtawa anayemaliza kughani kisha akaeleza kwa lugha ya nyumbani kile alichoghani anastahili shukrani zaidi kuliko yule anayeongeza saa za ghani.

Ratana Sutta, inayotukuza vito vitatu vya Wabudha, yaani Buddha, mafundisho yake na jumuiya ya wafuasi wake, huhusishwa na mji wa Vesali uliokumbwa kwa pamoja na njaa, pepo na tauni. Ilighaniwa nchini Sri Lanka mwaka 2020 wakati wa janga la korona, mwaka uleule ambao Tanzania ilitangaza siku tatu za maombi ya kitaifa, tarehe 17 hadi 19 Aprili. Jambo la kuangaliwa katika simulizi ya Vesali ni kwamba Buddha hakutuma maneno kutoka mbali. Alifika mwenyewe, mvua kubwa ikanyesha na kuisafisha mitaa iliyojaa maiti, na mwanafunzi wake Ananda akazunguka ndani ya kuta za mji akighani na kunyunyiza maji, miguu yake ikiwa juu ya ardhi ileile iliyokuwa ikiua watu. Ghani na mwili vilikwenda pamoja. Muuguzi aliyeingia wodini asubuhi mwaka ule alikuwa karibu zaidi na Ananda kuliko wengi waliosambaza maneno matakatifu kwa simu wakiwa wamejifungia ndani.

Je, kama kinga isipofanya kazi? Swali hili halikuachwa na Wabudha wa kale. Katika Milindapanha, kitabu cha mazungumzo kati ya mfalme Milinda, Mgiriki aliyetawala kaskazini magharibi mwa Bara Hindi, na mtawa Nagasena, mfalme anauliza inakuwaje Buddha afundishe kwamba hakuna mahali pa kujificha na kifo, si angani, si baharini, si pangoni, kisha aruhusu paritta. Nagasena hakwepi. Ghani, anasema, ni kwa ajili ya mtu ambaye maisha yake bado yana sehemu iliyobaki. Mti uliokwisha kukauka hauchipui hata ukimwagiwa maelfu ya vyungu vya maji. Anaongeza kwamba kinga huzuiliwa na mambo matatu: matokeo ya matendo ya nyuma, uchafu wa nia, na kukosa imani. Jibu hilo lina hatari yake, kwa kuwa hutoa kisingizio kwa kila kushindwa, na waganga wa kila nchi wanakifahamu vizuri. Lakini lina uaminifu ambao biashara ya kinga haina. Hakuna muuza hirizi, wa Bangkok wala wa Arusha, anayemwambia mteja kwamba kitu anachouziwa hakitamzuia kufa.

Na ipo kinga iliyo kinyume kabisa cha yote yaliyosemwa hapa, ambayo Tanzania imeijua kwa uchungu. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu wengine waliamini kwamba viungo hivyo vitawapa mali au ushindi, hadi mwezi Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Pale mtu anapotafuta usalama au bahati kwa mwili wa jirani, amegeuka kuwa ndiye hatari ambayo wengine wanahitaji kukingwa nayo. Kati ya kinga hiyo na ile ya msitu wa pepo hakuna daraja, na si sahihi kuziweka zote chini ya jina moja la imani za jadi.

Paritta iliyo ngumu kuliko zote kuelezwa ni ile ya Angulimala, ambayo hughaniwa kwa ajili ya wajawazito. Angulimala alikuwa muuaji wa njiani aliyevaa shingoni vidole vya watu aliowaua, na masimulizi ya baadaye hufikisha idadi yao hadi 999. Alipokutana na Buddha aliacha silaha, akawa mtawa. Siku moja, akizunguka Savatthi kuomba chakula, alimwona mwanamke aliyekuwa akiteseka kwa uchungu wa uzazi, akarudi kwa mwalimu wake akiwa amejaa huruma. Buddha akamwagiza aende amwambie mama yule kwamba, kwa ukweli kuwa tangu azaliwe hajawahi kuua kiumbe kwa makusudi, yeye na mtoto wake wawe salama. Angulimala akakataa. Kusema hivyo, alijibu, kungekuwa kusema uongo kwa makusudi. Ndipo mwalimu akairekebisha kauli: aseme tangu azaliwe katika uzao wa watu watukufu, yaani tangu aingie utawani. Maneno hayo aliweza kuyasema, akayasema, na mama akajifungua salama.

Muuaji, basi, ndiye aliyekuwa mkali juu ya ukweli wa sentensi. Alijua kwamba mdomo wake ulikuwa na damu, na kwamba kinga yoyote ambayo ingetoka ndani yake ingepaswa kupitia kwenye ukweli huo bila kuuzunguka. Arusha ni mji uliowahi kuusikia ukweli wa aina hiyo kwa miaka mingi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama mwezi Novemba 1994 na kufunga kazi mwishoni mwa mwaka 2015, ilikaa katika jumba la mikutano la kimataifa la mji huo, na kila shahidi alianza kwa kutamka ahadi rasmi ya kusema kweli. Wengi walilindwa kwa kuficha majina, wakaitwa kwa herufi tu. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Taba, mashtaka ya ubakaji hayakuwamo kwenye hati ya mwanzo. Yaliongezwa mwaka 1997 baada ya wanawake kuyasema mahakamani yaliyowapata, na hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998 ikawa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari na kutambua kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Kauli za wanawake wale hazikuwarudishia jamaa zao. Zimebaki, hata hivyo, katika sheria ambayo wanawake wa nchi nyingine, ambao hawatawajua kamwe, wanaweza kuitegemea.

Miongoni mwa waliotoa ushahidi walikuwamo pia watu waliokiri kushiriki mauaji, na majaji walilazimika kupima kwa makini sana ni nani kati yao aliyekuwa akisema kweli na nani aliyekuwa akitafuta nafuu. Kipimo chao hakikuwa mbali na kile alichojipa Angulimala: je, sentensi hii inaubeba uovu wote niliotenda, au imeundwa ili kuuruka?

Maandiko hayamwachi Angulimala katika furaha ya kuzaliwa kwa mtoto yule. Siku nyingine, alipokuwa akiomba chakula katika mji uleule, watu walimrushia udongo, fimbo na mawe, akarudi kichwa kikivuja damu, bakuli lake limevunjika na joho lake limechanika. Buddha alimwambia avumilie, kwa kuwa alikuwa akivuna katika maisha haya matokeo ambayo yangemtesa kwa miaka mingi mno baada ya kifo. Ghani iliyompa usalama mama mgeni haikumkinga yeye mwenyewe na jiwe hata moja, na hakuna mahali inaposemwa kwamba aliitamka tena kwa ajili yake. Maneno yake ndiyo ambayo watawa wa Sri Lanka na Myanmar huyaghani hadi leo mbele ya wanawake waliokaribia kujifungua.